Herman Hollerith na Mashine ya Kuhesabu Watu

Kila kazi na chombo chake

Ukimtembelea fundi wa kuchonga vinyago katika Wilaya ya Newala, utaona vyombo vingi mbele yake. Ana shoka la kukatia gogo la mpingo, tezo ya kuchongea umbo, patasi ya kutolea sehemu ndogo ndogo, na tupa ya kulainishia. Hawezi kutoboa jicho la kinyago kwa shoka, wala hawezi kuangusha mti kwa patasi. Kila chombo kimetengenezwa kwa kazi yake.

Mashine nazo ni hivyo hivyo. Cherehani hushona nguo, lakini haiwezi kusaga mahindi. Pampu husukuma maji, lakini haiwezi kupima uzito wa gunia la korosho. Mtu anayetaka kutengeneza mashine nzuri hujiuliza kwanza: kazi yenyewe ni ipi, na ugumu wake uko wapi?

Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyejiuliza hivyo. Jina lake ni Herman Hollerith. Alitengeneza mashine kwa ajili ya haja moja tu, yaani kuhesabu watu wa nchi nzima. Mashine hiyo ilikuwa mmoja wa wazazi wa kompyuta za leo.

Kwa nini watu huhesabiwa?

Mwaka 2022 Tanzania ilifanya sensa, yaani hesabu ya watu wote waliolala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba. Walipita Newala iliyo juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo chini, penye vilima vikubwa vya mawe. Walipita Kitangari, Lulindi na Ndanda, kama walivyopita Dar es Salaam na Unguja. Kila nyumba waliuliza majina, umri, kazi na mambo mengine mengi. Hesabu ilipokamilika, watu wa Tanzania walikuwa 61,741,120.

Je, hesabu hiyo ina faida gani? Tufikiri juu ya maji. Mvua ikinyesha juu ya uwanda wa Makonde, maji huzama upesi ardhini. Chemchemi hutokea chini mabondeni. Kwa hiyo tangu zamani akina mama na watoto wa uwandani walishuka mteremko mrefu kuchota maji, kisha wakapanda nayo kichwani. Anayetaka kusukuma maji hayo kwa pampu mpaka juu, lazima ajue ni watu wangapi watakaoyatumia. Akikadiria watu wachache mno, bomba litakauka kabla ya saa nne asubuhi. Akikadiria watu wengi mno, fedha nyingi zitapotea bure. Shule, zahanati na madawati ni vivyo hivyo.

Lakini kujua idadi ya watu wote peke yake hakutoshi. Anayejenga shule huuliza: watoto wa miaka saba ni wangapi? Anayejenga zahanati huuliza: akina mama ni wangapi, na watoto wachanga ni wangapi? Kila swali jipya hudai hesabu mpya. Hapo ndipo ugumu wa sensa ulipo.

Utoto na masomo

Herman Hollerith alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wametoka Ujerumani kwenda kuishi huko. Baba yake alifariki Herman akiwa bado mtoto.

Herman alikuwa na akili nyepesi, lakini somo moja lilimshinda. Hakuweza kuandika maneno kwa herufi zake sahihi. Alilichukia somo hilo hata akawa anatoroka darasani. Mwishowe mama yake alimwondoa shuleni, akamtafutia mchungaji mmoja wa Kilutheri amfundishe nyumbani. Kwa mwalimu huyo alisoma vizuri. Hakuacha kujifunza kwa sababu ya jambo moja lililomshinda.

Baadaye aliingia Chuo Kikuu cha Columbia katika mji wa New York, akasomea uhandisi wa migodi. Alihitimu mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka 19. Mmoja wa walimu wake, Profesa Trowbridge, alikuwa na kazi katika ofisi ya sensa ya Marekani. Alipenda juhudi ya kijana huyo, akamchukua kuwa msaidizi wake katika mji wa Washington. Hivyo Hollerith alifika penye kazi itakayompa sifa maisha yake yote.

Makarani na vijistari

Sheria kuu ya Marekani inaagiza watu wahesabiwe kila baada ya miaka 10, kwa sababu idadi ya wabunge wa kila jimbo hufuata idadi ya watu wake. Sensa ya mwaka 1880 ilihesabu watu zaidi ya milioni 50. Majibu yao yaliandikwa katika karatasi nyingi, zikapelekwa Washington.

Hollerith aliona makarani wakifanya kazi hiyo kwa mikono. Karani alisoma jibu moja katika karatasi, kisha akachora kijistari mahali pake katika karatasi nyingine. Akiona mwanamke, alichora kijistari upande wa wanawake. Akiona mtoto wa miaka saba, alichora kijistari mahali pa miaka saba. Mwisho wa siku alihesabu vijistari vyote. Swali jipya likija, karatasi zote zilirudiwa tangu mwanzo.

Pengine wewe pia umehesabu debe za korosho kwa vijistari, ukavifunga vitano vitano. Kwa debe 50 njia hiyo inafaa sana. Kwa watu milioni 50 haifai. Macho huchoka, mkono hukosea, na kosa moja haliwezi kutafutwa katika maelfu ya karatasi.

Kazi ya sensa ya mwaka 1880 ilichukua muda wa miaka kama minane hivi. Wakati huohuo watu wa Marekani walizidi kuongezeka. Viongozi wa sensa wakaingiwa na hofu. Ikiwa watu milioni 50 walichukua miaka minane, je, watu wa mwaka 1890 watachukua miaka mingapi? Huenda sensa mpya ya mwaka 1900 ingefika kabla ile ya zamani haijakwisha. Nchi ingekuwa na karatasi nyingi, lakini isijue habari za watu wake.

Katika ofisi hiyo alikuwako daktari mmoja aliyeitwa John Shaw Billings, aliyesimamia hesabu za magonjwa na vifo. Yeye alimwambia Hollerith kwamba ingefaa kuwe na mashine ya kufanya kazi hii ya vijistari. Wazo hilo lilimwingia kijana, lisimtoke tena.

Kutoka ukanda hadi kadi

Mwaka 1882 Hollerith alikwenda kufundisha uhandisi katika chuo cha ufundi cha Massachusetts. Huko alianza majaribio. Baadaye alirudi Washington, akafanya kazi katika ofisi ya serikali inayotoa haki za uvumbuzi, kisha akaacha kazi hiyo ili ashughulike na mashine yake. Mwaka 1884 alipeleka maombi yake ya kwanza ya haki ya uvumbuzi.

Jaribio lake la kwanza lilitumia ukanda mrefu wa karatasi. Habari za kila mtu zilitobolewa kwa matundu katika ukanda huo, mtu mmoja baada ya mwingine. Mashine ilisoma matundu kwa umeme. Lakini Hollerith aliona kasoro kubwa. Kama alitaka habari za wakulima peke yao, ilimlazimu kuupitisha ukanda wote, kwa maana wakulima walikuwa wamechanganyika na watu wengine. Watu waliofungwa pamoja katika ukanda hawakuweza kutengwa.

Basi Hollerith alikumbuka jambo aliloliona alipokuwa safarini kwa gari moshi. Mkaguzi wa tiketi alikuwa akitoboa tiketi ya kila abiria. Matundu yake yalionyesha umbo la abiria mwenyewe, kama rangi ya nywele zake na ya macho yake, ili mtu mwingine asiibe tiketi na kuitumia. Tiketi moja ilikuwa na habari za mtu mmoja.

Hapo Hollerith alipata jibu. Aliacha ukanda, akatumia kadi. Kila mtu alipewa kadi yake. Kadi zaweza kuchanganywa, kutengwa na kupangwa upya kama mtu apangavyo korosho, nzuri huku na mbovu kule. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililofungua njia.

Jinsi mashine ilivyofanya kazi

Kadi za sensa ya mwaka 1890 zilikuwa za karatasi ngumu, urefu wake sentimita 17 hivi na upana wake sentimita 8 hivi. Pembe moja ya kadi ilikatwa, ili karani aone mara moja ikiwa kadi imegeuzwa vibaya. Kila mahali katika kadi palikuwa na maana yake. Tundu mahali fulani lilimaanisha mwanamume, na tundu mahali pengine lilimaanisha mwanamke. Palikuwa na mahali pa umri, pa kazi, na pa nchi alikozaliwa mtu.

Mashine ilifanya kazi kwa hatua hizi:

1. Karani alisoma karatasi ya sensa, akatoboa kadi ya mtu mmoja kwa chombo maalumu.

2. Kadi ililazwa juu ya bamba lenye vikombe vidogo vingi. Ndani ya kila kikombe mlikuwa na zebaki kidogo. Zebaki ni metali iliyo majimaji, nayo hupitisha umeme.

3. Karani alivuta mkono wa mashine, na pini nyingi zenye springi zikashuka juu ya kadi.

4. Mahali pasipo na tundu, karatasi iliizuia pini. Penye tundu, pini ilipita na kugusa zebaki. Njia ya umeme ikakamilika, na umeme ukapita.

5. Umeme ule uliendesha sumaku ya umeme, nayo ikasogeza mshale wa saa moja hatua moja mbele. Mashine ilikuwa na saa 40 za namna hiyo. Hazikuonyesha wakati, bali zilionyesha hesabu. Kila moja iliweza kuhesabu hadi 9,999.

6. Kengele ililia kumwambia karani kwamba kadi imesomwa. Kama kengele haikulia, karani alijua kuna kosa, akaitazama kadi tena.

7. Papo hapo kifuniko cha kisanduku kimoja kilifunguka katika sanduku la kupangia. Karani aliweka kadi humo. Hivyo kadi za watu wa aina moja zilikaa pamoja, tayari kwa swali lingine.

Tazama jinsi mashine hii ilivyofuata kazi yenyewe. Vijistari vya karani vikawa hatua za mshale. Macho ya karani yakawa pini na zebaki. Tena karatasi hazikuhitaji kusomwa upya kwa kila swali, maana kadi ikishatobolewa mara moja, yaweza kupita katika mashine mara nyingi.

Angalizo: Zebaki ni sumu. Usiiguse wala usiichezee, hata ukiiona katika kipimajoto kilichovunjika. Mwite mtu mzima.

Mashindano ya mwaka 1889

Mashine mpya haiaminiwi kwa maneno, bali kwa majaribio. Kwanza ilitumiwa katika mji wa Baltimore kupanga hesabu za vifo. Kisha mwaka 1889 ofisi ya sensa ilifanya mashindano. Watu watatu walileta njia zao. Wawili kati yao walitumia mikono, mmoja akiwa na kadi za rangi mbalimbali na mwingine vipande vya karatasi. Wa tatu alikuwa Hollerith na mashine yake. Wote walipewa karatasi zilezile za watu zaidi ya 10,000 wa mji wa Saint Louis.

Kazi ya kwanza ilikuwa kunakili habari. Hollerith alimaliza kwa saa 72 na nusu. Wenzake wote wawili walizidi saa 100. Kazi ya pili ilikuwa kuhesabu na kupanga. Wenzake walitumia saa 44 na nusu na saa 55 na nusu. Hollerith alitumia saa 5 na nusu tu.

Ofisi ya sensa ilikodi mashine za Hollerith kwa sensa ya mwaka 1890. Kabla ya mwaka huo kwisha, jumla ya watu wa Marekani ilijulikana. Walikuwa 62,622,250. Watu wengine walitazamia idadi kubwa zaidi, wakailaumu mashine. Lakini hesabu haifuati matakwa ya watu. Hufuata vitu vilivyohesabiwa.

Ona kwamba idadi hiyo inakaribia sana idadi ya watu wa Tanzania ya mwaka 2022. Sasa tufanye hesabu. Kama karani mmoja angechora vijistari vya watu 1,000 kila siku, bila kupumzika hata siku moja, angehitaji miaka zaidi ya 171 kujibu swali moja tu juu ya watu hao.

Reli inayakataa yale sensa iliyoyapenda

Mwaka huohuo wa 1890 Hollerith alipata shahada ya udaktari kutoka Columbia, tena akamwoa Lucia Talcott. Walijaliwa watoto sita. Nchi nyingine zikaanza kutumia mashine yake, kama vile Austria, Kanada na Urusi.

Hata hivyo sensa huja mara moja katika miaka 10. Sensa ilipokwisha, mashine zilirudi na kukaa bure, na Hollerith akaishiwa fedha. Alitafuta kazi nyingine kwa mashine zake, akaiendea reli kubwa ya New York Central. Reli hiyo ilikuwa na hati nyingi sana za mizigo, na makarani wake walizijumlisha kwa mikono.

Reli ilijaribu mashine, kisha ikazikataa. Kwa nini? Katika sensa kila kadi ni mtu mmoja, kwa hiyo mashine iliongeza moja, moja, moja. Lakini hati moja ya reli yaweza kuwa ya kilo 40 na nyingine ya kilo 900. Reli haikutaka kujua hati ni ngapi. Ilitaka kujua jumla ya uzito na jumla ya fedha. Mashine iliyofaa sana kwa kazi moja haikufaa kwa kazi nyingine.

Hollerith alivunjika moyo, lakini hakuilaumu reli. Alirudi katika karakana yake, akatengeneza mashine iliyoweza kujumlisha namba zilizotobolewa katika kadi. Pia alibadili mpango wa kadi, ili matundu yasimame kwa namba, si kwa majibu ya sensa peke yake. Mwaka 1896 reli ilikubali kuzitumia. Mwaka huohuo alianzisha kampuni yake ya mashine za kuhesabu. Baadaye wenye maduka makubwa na viwanda nao walizihitaji.

Miaka ya mwisho

Mashine za Hollerith zilitumika tena katika sensa ya Marekani ya mwaka 1900. Lakini yeye na ofisi ya sensa hawakupatana juu ya malipo. Ofisi iliona kwamba anadai fedha nyingi mno, naye hakutaka kupunguza. Mwishowe ofisi ilitafuta mafundi wengine, na katika sensa ya mwaka 1910 ilitumia mashine zilizotengenezwa na James Powers. Hivyo Hollerith, aliyebuni njia hiyo, aliiona sensa ikifanyika bila yeye. Ukaidi uliomsaidia kushinda magumu ya ufundi haukumsaidia katika kupatana na watu.

Mwaka 1911 aliuza kampuni yake, nayo ikaunganishwa na kampuni nyingine. Mwaka 1924 kampuni hiyo iliyounganishwa ilipewa jina la IBM, jina ambalo baadaye lilijulikana duniani kote kwa kompyuta. Herman Hollerith alifariki mjini Washington tarehe 17 Novemba 1929, akiwa na umri wa miaka 69.

Kadi zafika Tanzania

Kadi zenye matundu hazikufa pamoja na Hollerith. Kompyuta zilipobuniwa miaka mingi baada ya kifo chake, nyingi zilipewa habari kwa kadi za namna hiyo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, mjini Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, ilifanyika sensa ya kwanza ya Jamhuri ya Muungano, nayo ilionyesha watu zaidi ya milioni 12.

Katika sensa ya mwaka 2022 makarani wa Masasi na Newala hawakubeba kadi wala mafungu ya karatasi. Walibeba vishikwambi, yaani kompyuta ndogo bapa zinazoshikwa mkononi. Ndani yake mliwekwa programu iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa. Tundu la kadi lilikuwa na hali mbili tu: lipo au halipo. Kompyuta za leo nazo hufanya kazi kwa hali mbili, umeme upo au haupo. Zebaki na pini zimeondoka, lakini wazo limebaki.

Tumejifunza nini?

Hollerith hakuanza na mashine, kisha akaitafutia kazi. Alianza kwa kuitazama kazi ya makarani mpaka akajua ugumu wake uko wapi. Ukanda uliposhindwa, aliuacha. Reli ilipomkataa, alitazama upya na kurekebisha.

Nawe unaweza kutazama hivyo. Tazama foleni ya ndoo penye bomba. Tazama korosho zinavyopimwa na kuandikwa kwenye mizani wakati wa mavuno. Jiulize: ni jambo gani linalorudiwa kila mara? Makosa hutokea wapi? Mtu ajuaye majibu ya maswali hayo amekwisha kuanza kazi ya mvumbuzi.

Jaribio: Kadi zinazojibu maswali

Vifaa: boksi la karatasi ngumu, mkasi, msumari, na kijiti kimoja chembamba kilichonyooka.

1. Kata kadi 20 zilizo sawa. Kata pembe moja ya kila kadi, upande uleule.

2. Toboa matundu matatu karibu na ukingo wa juu wa kila kadi. Hakikisha kwamba matundu ya kadi zote yamelingana, na kwamba kijiti chaweza kupita ndani yake.

3. Mpe kila mwanafunzi kadi moja. Tundu la kwanza ni la swali: Je, wewe ni msichana? La pili: Je, unatembea zaidi ya kilomita moja kuja shuleni? La tatu: Je, nyumbani kwenu kuna mikorosho?

4. Ikiwa jibu ni ndiyo, kata karatasi iliyo juu ya tundu mpaka ukingoni, ili tundu libaki wazi kama pengo. Ikiwa jibu ni siyo, liache kama lilivyo.

5. Kusanya kadi zote, zichanganye, kisha zipange pembe zilizokatwa zikiwa upande mmoja. Pitisha kijiti katika tundu la pili la kadi zote, uinue na kutikisa polepole.

Kadi zitakazoanguka ni za wanafunzi waishio mbali. Zihesabu. Sasa chukua hizo zilizoanguka, upitishe kijiti katika tundu la kwanza. Zitakazoanguka safari hii ni za wasichana waishio mbali. Umejibu swali la pili bila kumwuliza mtu yeyote upya.

Maswali

1. Kwa nini viongozi wa sensa ya Marekani waliingiwa na hofu baada ya sensa ya mwaka 1880?

2. Ukanda wa karatasi ulikuwa na kasoro gani? Kadi ziliondoaje kasoro hiyo?

3. Eleza kazi ya pini, zebaki na sumaku ya umeme katika mashine ya Hollerith.

4. Kwa nini pembe moja ya kadi ilikatwa? Kwa nini kengele iliwekwa?

5. Reli ilikataa mashine iliyofaa kwa sensa. Toa sababu.

6. Katika mashindano ya mwaka 1889, Hollerith alihesabu na kupanga kwa saa 5 na nusu. Mwenzake mmoja alitumia saa 44 na nusu. Tafuta tofauti ya muda wao.

7. Chagua kazi moja inayofanyika kijijini au mtaani kwenu. Andika mambo matatu ambayo mtu angepaswa kuyajua kabla ya kutengeneza mashine ya kusaidia kazi hiyo.